Ukingo wa Piki

Katika gita zima, kitu ambacho mpigaji anaweza kukitengeneza upya mwenyewe kwa jioni moja, bila karakana na bila mtaji, ni piki. Mbao zilishakatwa na mtu mwingine, nyuzi zimetoka kiwandani, na amplifaya mara nyingi ni mali ya kanisa au ya bendi. Piki ni yake peke yake. Na ndiyo inayogusa uzi. Vyote vinavyofuata, waya, spika, mwangwi wa ukumbi, vinakuza tu kile kilichokwisha kuamuliwa pale ukingo wa kipande hicho kidogo ulipouachia uzi.

Nasema haya nikiwa na masikio ya Kanda ya Ziwa. Hapa Nkome, kwenye mwalo wa Ziwa Victoria upande wa Geita, gita la umeme halijifichi nyuma ya waimbaji. Kwaya kama AIC Makongoro Vijana ya Mwanza na AIC Shinyanga zimetulea kwenye muziki ambao solo inatembea juu kabisa ya shingo ya gita, noti fupi fupi zinafuatana bila kupumzika, ridhim inajaza katikati, na besi inaongea chini. Katika upigaji wa namna hiyo kila noti inasimama wazi. Kama piki ina kinundu kidogo kwenye ncha, utakisikia kinundu hicho kila noti inapopigwa, kuanzia kiitikio cha kwanza mpaka wimbo unakwisha.

Wapigaji wengi hununua piki kama wanavyonunua kiberiti. Wanaichukua ya rangi wanayoipenda dukani Mwanza, au wanamwagiza mtu anayetoka Kariakoo, na ikipotea wanachukua nyingine. Mimi nawaheshimu wale wachache wanaoichunguza kwanza. Mmoja wao ni mpiga solo wa kwaya ya hapa hapa, kijana ambaye mchana yuko kwenye mitumbwi na jioni yuko mazoezini. Kabla hajaikubali piki ngeni, huidondosha juu ya meza ya mbao na kusikiliza. Plastiki laini inatua kwa mshindo butu. Kitu kigumu na kilichoshikana vizuri kinatoa mlio mwembamba, mfupi, safi. Mlio huo haumwambii kila kitu, ila unampa fununu ya jinsi kitakavyoongea na chuma cha nyuzi.

Kucharaza kuna hatua mbili. Piki inausukuma uzi mpaka unapinda pembeni, kisha uzi unateleza juu ya ncha na kuachiliwa. Muziki unaanza pale unapoachiliwa. Kabla ya hapo kuna msuguano, na msuguano una kelele yake. Piki nyembamba nayo inapinda pamoja na uzi, kwa hiyo sehemu ya nguvu ya mkono inaishia kwenye piki yenyewe, na inaporudi inatoa ule mchapo wa plastiki ambao wapiga ridhim wengi wanaupenda. Piki nene haipindi. Mkono ukisogea kidogo, uzi nao unasogea kidogo, basi. Ndiyo maana mwenye kasi kubwa huhama polepole kutoka piki nyembamba kwenda nene, hata kama hakuna aliyemshauri.

Viwanda huandika unene kwa milimita. Chini ya 0.60 huitwa laini, kati ya 0.60 na 0.80 ni wastani, juu ya hapo ni nzito, na zipo zinazofika 2 au hata 3. Uzi wa kwanza wa gita la umeme una unene wa kama 0.25 tu. Kwa uzi mwembamba kiasi hicho, badiliko dogo sana kwenye piki ni badiliko kubwa.

Hapa nataka kusifia kitu ambacho wengi hukitupa. Kadi ya benki iliyokwisha muda wake, pamoja na ile kadi kubwa ya plastiki ambayo laini ya simu hubanduliwa kutoka kwake, zimetengenezwa kwa kipimo kimoja dunia nzima: urefu 85.60, upana 53.98, na unene milimita 0.76. Hiyo ni piki ya wastani kamili, imekuja mfukoni bila kuagizwa. Ukipanga vizuri, moja ncha juu na jirani yake ncha chini, kadi moja inatoa piki tatu au nne zenye umbo la kawaida. Plastiki yake ni laini kidogo, sauti yake haing'ai sana, na nyuzi za chuma huila haraka. Lakini kwa ridhim ni nzuri. Tena kadi hiyo ni kipimo kizuri kwa asiye na chombo cha kupimia: ukitaka kujua kama kitu ulichokichonga kimefika milimita moja na nusu, weka kadi mbili pamoja na upapase vyote kwa vidole viwili. Kidole kinatambua tofauti ambayo jicho haliioni.

Unene, hata hivyo, ni nusu ya habari, na kwa maoni yangu ni nusu ndogo. Nusu kubwa iko kwenye ukingo. Ncha ya mviringo inagusa kipande kirefu zaidi cha uzi, na zile sauti nyembamba za juu zinazoambatana na kila noti zinafifia. Kinachobaki ni kinene na cha joto. Ncha kali inagusa mahali padogo, na sauti inang'aa. Mtu anayelalamika kwamba gita lake linakwaruza masikio mara nyingi anageuza vitufe vya amplifaya usiku kucha wakati dawa ni dakika chache za msasa.

Jioni moja mpiga gita mdogo alimletea yule kijana piki aliyoikata kwenye kadi kwa mkasi.

"Kaka, hii mbona inakwaruza?"

"Iangalie kwenye mwanga, mdogo wangu. Umeikata, hujaimaliza."

Ukingo uliokatwa kwa mkasi, ukiutazama karibu, una mdomo mmoja uliobinuka na mwingine uliochanika, na katikati unaziona tabaka za plastiki zilizogandishwa pamoja. Uzi unapopita hapo unagonga mdomo, unazama kwenye mchaniko, kisha ndiyo unaachiliwa. Kijana alilaza msasa wa maji namba 400 juu ya kipande cha kioo, akadondoshea maji kidogo, akaishika piki vile vile anavyoishika akipiga: kidole gumba juu, pembeni ya kidole cha shahada chini, ncha ikichungulia kidogo tu. Kisha akaanza kuipitisha juu ya msasa kwa ulalo ule ule ambao huwa anaugusia uzi. Hakuisimamisha wima, kwa sababu mkono wake haupigi wima.

Jambo hili la ulalo ndilo lililonifanya niketi nimtazame. Karibu kila mpigaji huilaza piki kidogo. Akishuka, uzi unakutana na ukingo wa mbele kwa uso mmoja wa piki; akipanda, unakutana na ukingo wa nyuma kwa uso wa pili. Kwa hiyo piki iliyotumika siku nyingi haijaliwa sawasawa pande zote. Imeliwa kwa mshazari: kushoto imepungua juu, kulia imepungua chini. Ichukue piki kuukuu ya mpigaji yeyote na utasoma hapo jinsi anavyoishika na kiasi anachoilaza. Kijana anachokifanya ni kuutangulia ulaji huo kwa msasa, ili piki mpya ianze kazi ikiwa imeshazoea mkono. Akiigeuza uso kwa uso bado inafaa, maana mshazari unabaki ule ule. Akimwazima mtu wa mkono wa kushoto, haimfai kabisa; kwake yeye kila mteremko umechongwa upande usio wake.

Baada ya 400 ikaja 600, kisha 1000, kisha 2000, ile wanayotumia wapiga rangi za magari na ambayo utaipata kwenye maduka ya rangi. Kila namba inafuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na ukiruka moja, mikwaruzo ya ile iliyoitangulia inabaki chini ikikusubiri. Mwisho alitia dawa ya meno kwenye kipande cha jinzi, akasugua mpaka ukingo ukawa na mng'ao wa maji. Akaupitisha juu ya ukucha wa kidole gumba. Palikuwa na mahali pamoja pamekwama, si zaidi ya unene wa unywele. Akarudi kwenye 1000. Yule mdogo alishaanza kuangalia simu yake. Mimi nilikuwa nimesogea karibu zaidi.

Swali la kitu gani kiguse uzi si geni huku kwetu. Kwenye ndono, ule upinde wenye kibuyu unaojulikana Usukumani na Unyamwezini, mpigaji anaugonga uzi kwa kijiti, na kijiti kikibadilika sauti nayo inabadilika. Pwani nako wana hadithi ndefu zaidi. Udi, wenye nyuzi 11, umepigwa kwa risha kizazi hata kizazi, na risha bora ya zamani ilikuwa unyoya wa tai, ule mrija wake mgumu uliopasuliwa na kulainishwa. Inalazwa kwenye kiganja na kuchomoza mbele, ndefu kuliko piki ya gita, nayo inapinda kwa namna yake. Wapiga kanuni, ala nyingine ya nyuzi, wao huvaa pete kwenye vidole vya shahada na kuchomeka humo vipande vya kucharazia, kimoja kila mkono. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri pamoja na wenzake, udi ulikuwa miongoni mwa ala zao, na mpaka leo Zanzibar mpiga udi makini huwa na maoni makali kuhusu risha yake. Wengi sasa hutumia plastiki. Wanaikata na kuisugua kwa uvumilivu ule ule.

Kisha kuna ng'amba. Kwa muda mrefu gamba la kasa huyu ndilo lililohesabiwa kuwa malighafi bora kuliko zote kwa piki: gumu, lenye kuteleza, lisilo na kelele. Pwani yetu iliuza magamba ya kasa tangu zamani mno; kile kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza kuhusu safari za Bahari ya Hindi kinayataja miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari ya huku Azania. Biashara hiyo ilikaribia kummaliza ng'amba, na tangu mwaka 1977 mkataba wa kimataifa wa CITES umempa ulinzi wa daraja la juu kabisa dunia nzima. Ni haki yake. Lakini kivuli chake kimebaki madukani. Mwaka 1922, huko New York, Luigi D'Andrea alianza kukata piki kwa seluloidi, ile plastiki ngumu inayotengenezwa kwa nitroselulosi na kafuri, na viwanda vikaitia mabaka ya kahawia na manjano ili ifanane na gamba. Piki za kiwandani zenye mabaka hayo bado zinauzwa kila mahali, na wengi wanaozishika hawajui kwamba wameshika picha ya kasa. Angalizo moja: seluloidi hushika moto upesi sana, usiisogeze kwenye mshumaa wala mkaa ukitaka kuichonga.

Mpigaji anaweza kukataa vyote hivyo na kutumia vidole. Mwenda wa Bosco, yule Mkatanga aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville mwaka 1952, alitumia kidole gumba na cha shahada tu, na kutoka hapo yakasikika magita mawili kwa wakati mmoja. Upande wa pili wa dunia ya magita yuko Brian May wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Yeye hupiga kwa sarafu ya kale ya Uingereza, ya peni sita, na ile michirizi ya pembezoni mwa sarafu humpa mkwaruzo anaoutaka mwenyewe. Naheshimu sana masikio yaliyomfikisha kwenye sarafu. Kwa kwaya ya Nkome nisingeishauri, kwa sababu huku uzi uliokatika Jumapili asubuhi hauna duka la jirani.

Na vidole? Ukucha ni mzuri mno. Ila mtu anayevuta nyavu za sangara na kamba zilizolowa usiku kucha hana kucha za kupigia gita. Zinavunjika. Hapo ndipo ninapofika kwenye pembe.

Ukucha, nywele, kwato, pembe, gamba la ng'amba na unyoya wa tai vyote vimejengwa kwa protini za jamii moja, keratini. Wazee wa udi, mabwana wa magita wa Ulaya na Mwenda wa Bosco walikuwa wanatafuta kitu kimoja bila kuambizana: kitu kigumu kinachoteleza, kilichoota kwenye mwili wa kiumbe. Unyoya wa tai hatuwezi kuuokota. Kutoka Nkome watu huvuka kwa boti kwenda Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa yenye furukombe wengi ajabu, lakini unyoya wa ndege wa porini ni nyara kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, na mahali pake ni huko huko kisiwani. Ng'amba tumeshamsema. Pembe la ng'ombe, kinyume chake, liko kila machinjio ya Usukuma na Uzinza, na mara nyingi linaishia jalalani. Nchi ya ng'ombe imekaa juu ya akiba ya piki bora na inaagiza plastiki.

Pembe ni vitu viwili katika kimoja: ndani kuna mfupa, nje kuna ganda la keratini. Ukiliacha siku kadhaa au kulichemsha, ganda linachomoka kwenye mfupa. Chini, kuelekea kichwani, ganda ni jembamba na limejikunja. Juu, kwenye ncha, limejaa, halina uwazi. Kijana hukata kwa msumeno wa chuma akifuata urefu wa pembe, kwa sababu pembe lina nyuzi zake kama zilivyo za mbao, na kipande kilichokatwa kwa kuzikatisha hupasuka tabaka kwa tabaka. Kipande kilichojikunja anakitia kwenye maji yanayochemka mpaka kilegee, kisha anakibana haraka kati ya vyuma viwili bapa kwenye jiliwa na kukiacha kipoe humo humo. Ukikitoa kikiwa bado na joto kinarudi kwenye mkunjo wake.

Kutoka hapo ni tupa. Vumbi lake linanuka unywele ulioungua, na si vumbi la kuvuta. Funga kitambaa puani, fanyia kazi nje. Kijana anashusha unene mpaka unakaribia kadi mbili, anachora umbo kwa kalamu akifuatisha piki anayoipenda, anazungusha tupa, na baadaye ndipo vinakuja vile vioo na misasa. Pembe linakubali mng'ao kuliko plastiki yoyote niliyoiona. Likifika namba 2000 unaanza kuona ndani yake: mawingu meusi, michirizi ya asali, sehemu inayopitisha mwanga. Hakuna mbili zinazofanana.

Na sauti yake? Kwenye uzi wa kwanza, juu ya freti ya 12, noti inatoka bila ule mlio mdogo wa "tik" unaotangulia kwenye plastiki. Inaanza mara moja, ikiwa duara, na ina uzito ambao kwenye piki ya kadi haupo. Kwenye nyuzi za chini zilizosokotwa kwa waya, ambako plastiki ngumu hulia kama inakwangua, pembe linateleza. Wapo watakaosema sauti imepungua ukali, na ni kweli. Kwa mpiga solo anayepanda juu sana na spika za kanisa zenye sauti kali, upungufu huo ni neema.

Mtelezo huo huo una shida yake vidoleni. Ibada ni ndefu, ukumbi umejaa, jasho linatiririka, na piki iliyong'arishwa inazunguka mkononi. Kwa hiyo kijana haing'arishi yote. Ncha na kingo zinazogusa uzi ndizo zinazofika 2000. Tumbo, mahali pa vidole, analiacha kwenye 120, kisha kwa ncha ya msumari anachora mistari ya kukatana. Nimeona wengine wanaotoboa tundu dogo katikati, nyama ya kidole inazama humo kidogo na kushika. Wengine hugandisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Nta ya nyuki kidogo nayo inasaidia, ingawa inakusanya uchafu. Mistari inashinda, kwa maoni yangu, maana inapojaa uchafu unaipitisha mswaki na kazi inaendelea.

Pembe linakunywa maji. Ukilisahau kwenye mfuko wa shati lililolowa jasho, kesho yake limejikunja. Kijana analipaka mafuta ya alizeti kidogo, analifuta, na anabeba mbili, moja ikiwa kazini na nyingine ikikauka. Ukingo ukianza kuwa mweupe na kukwama kwenye ukucha, anarudi kwenye 1000 na 2000, kazi ya dakika tano, na kila mara piki inapungua kidogo na kuukaribia zaidi mkono wake. Mpiga ridhim wa kwaya hiyo amejaribu pembe na kurudi kwenye kadi, na hakukosea: ridhim inataka kitu kinachopinda. Mpiga besi anatumia vidole. Kwa hiyo pembe moja linawatosha kwa muda mrefu, na wanapoligawa, ile ncha ya juu iliyojaa, isiyo na uwazi wala mkunjo, inawekwa pembeni kwa ajili ya solo.